Ngao ya Baba Bungeni

Familia nyingine hutazama Bunge kwenye televisheni ili zijue ni ushuru gani mpya unakuja. Sisi tulikuwa tunatazama mbao. Kwetu hakuna aliyethubutu kusikiliza mheshimiwa anasema nini. Kazi yetu ilikuwa kuchungulia nyuma ya kichwa chake. Baba alivuta kiti karibu kabisa na kioo, miwani imemteremka hadi puani, na kila kamera ilipogeuka kuelekea kwa Spika aliinua mkono na kusema, "Haya, inakuja. Tazameni." Akitokea mheshimiwa mwenye kichwa kipana, akasimama kudai hoja ya nidhamu, baba alimfokea kama ng'ombe aliyeingia kwenye mahindi: "Toa kichwa wewe! Toa kichwa hapo!" Mheshimiwa hakuwahi kutoa kichwa. Wale ni watu wasiosikia, na hilo Kenya nzima inalijua.

Alichokuwa anakitafuta baba ni ngao ya taifa iliyotundikwa ukutani nyuma ya kiti cha Spika: simba wawili na mikuki yao, ngao katikati, na ndani ya ngao jogoo ameshika shoka. Baba alisema ngao ile ameichonga yeye. Televisheni yetu ilikuwa ndogo, ya mgongo mrefu, na picha yake ilikuwa na chengachenga za kudumu, kwa hiyo simba walionekana mabaka mawili ya kahawia na jogoo hakuonekana kabisa. Hilo halikutusumbua. Kanisani tulifundishwa kuamini tusivyoviona, na nyumbani mambo yalikuwa yaleyale.

Nyumbani kwetu kulikuwa chumba kimoja katika nyumba za kaunti huku Eastlands, zile ambazo wazee mpaka leo wanaziita za kanjo. Mkoloni alipojenga Bunge pale mjini aliweka mawe yaliyochongwa, nguzo, dari refu na mnara wa saa juu, ili Mzungu akiinua macho akumbuke kwao. Enzi hizohizo akatujengea na sisi: chumba kimoja kwa kila mfanyakazi, choo cha wote mwisho wa safu, bomba la wote katikati. Msishangae. Mtu alikaa chini akafikiri kwa makini. Aliona kwamba mheshimiwa mmoja anahitaji ukumbi mzima ili maneno yake yapate pa kupumulia, lakini Mwafrika na mke na watoto wanahitaji pazia tu. Letu lilikuwa la maua mekundu, na upande mmoja walilala wazazi, upande mwingine sisi na makaa.

Baba alikuja Nairobi kijana kutoka Ukambani, akaingia karakana ya wachonga vinyago kule Pumwani. Karakana ile ilikuwa na desturi yake. Kila mchongaji alikuwa na mnyama wake, na hakugusa wa mwenzake. Kulikuwa na mtu wa twiga, mtu wa vifaru, mtu wa simba, na mzee mmoja aliyechonga Wamasai wembamba tu mpaka akafa. Baba alikuwa mtu wa kanga, yule ndege wa porini mwenye madoa na kijipembe kichwani. Alichonga kanga asubuhi, kanga mchana, kanga jioni. Angeweza kukuchongea kanga huku akigombana na wewe, macho yakiwa usoni kwako. Wake za wachongaji walipiga msasa, kisha wakapaka rangi nyeusi ya viatu ili mti wa kawaida uonekane mpingo. Mtalii alirudi kwao na mpingo wake, na sisi hatukuona sababu ya kumharibia safari.

Nikiwa bado shule ya msingi, alikuja mkandarasi. Alisema kuna matengenezo bungeni na anataka ngao kubwa ya mbao ya kutundikwa ukumbini, itazamwe na taifa zima. Lo! Karakana ilisimama. Wanaume waliotoka jasho maisha yao yote wakichonga zawadi za watu wa mbali sasa walikuwa wanaitwa na nchi yao wenyewe. Ubao wa mvule ukaletwa, mpana kuliko mlango wetu. Simba wakaenda kwa mtu wa simba. Mikuki akapewa mzee wa Wamasai, naye akakubali kwa shingo upande kwa sababu haikuwa na Mmasai. Ikabaki swali la jogoo. Karakana nzima haikuwa na mtu wa jogoo. Wakazungumza, wakakubaliana kwamba ndege ni ndege, na baba akapewa.

Mama aliipigia msasa ngao ile mlangoni kwetu, kila mpita njia akiruka miguu yake. Alipomaliza, mpiga picha wa mtaani aliitwa, na baba akasimama kando ya ngao amevaa koti la harusi, mkono begani mwa simba wa kushoto. Kesho yake lori likaichukua. Picha ikatundikwa ukutani, juu ya kalenda, mahali ambapo nyumba nyingine huweka picha ya rais.

Jirani yetu wa mlango wa pili ndiye aliyetuharibia. Alikuwa mfanyakazi wa reli, mtu wa Magharibi, mkarimu, mwenye sauti ya kuitia treni. Alikuja kuona picha, akaisogelea, akarudi nyuma, akaisogelea tena.

"Mzee wa Vinyago, hii kazi ni safi," akasema. "Simba safi. Mikuki safi. Lakini huyu kanga amepewa shoka la nini?"

Mama aliacha kuchochea makaa.

"Huyo ni jogoo," mama akasema.

"Mama watoto, mimi natoka Magharibi. Kwetu mtoto anajua kuku kabla ya kujua shangazi zake. Jogoo hawezi kunipita hata akivaa suti. Huyu hapa hana kilemba, ana kijipembe. Halafu ana madoa. Jogoo gani ana madoa kama ameugua tetekuwanga?"

"Huo ni mtindo," baba akasema.

Mama hakutosheka na mtindo. Alimfuata jirani na mwiko hadi mlangoni kwake, na tangu siku hiyo kesi ikafunguliwa ambayo haikufungwa. Krismasi ikifika, jirani alileta kuku wa kuchemsha na kuuliza kama ni jogoo au ni mtindo. Mama alipokea kuku na kumrudishia matusi. Mimi shuleni nilipigana na wasichana wawili kwa ajili ya ndege yule, nikararuliwa sketi, na bado nikashikilia kwamba ni jogoo. Nilikuwa sijawahi kumtazama vizuri, si mlangoni wala pichani. Kwetu alikuwa jogoo kwa sababu baba alikuwa baba.

Kitu kingine cha mama nilikizoea mpaka nikaacha kukiona. Nyama yetu ilitoka soko la Burma, na aliyeinunua ni mama peke yake. Baba akijitolea kupitia huko akitoka kazini, mama alikuwa mkali. "Wewe, wauza nyama watakupimia mifupa," alimwambia. "Mwanamume na buchari wapi na wapi?" Mtaa mzima wanaume walikwenda Burma kula choma na kuendesha serikali kwa midomo, isipokuwa baba yangu. Yeye alikula nyama iliyoletwa, akaitazama ngao yake, akalala. Nilidhani mama ni bahili wa uhuru wa mumewe, kama wake wengi ninaowapenda.

Basi miaka ikaenda, tukakua, nikapata kazi ya karani katika duka la vitambaa Eastleigh, na serikali ikatukumbuka. Ikikukumbuka serikali, funga mlango. Walikuja watu wenye kofia ngumu wakapaka alama kwenye kuta zetu, wakatuambia nyumba hizi zitabomolewa na maghorofa yatapanda. Kwa kweli ilikuwa zamu yetu. Waheshimiwa walikuwa wameshajengewa jumba lao jipya la ofisi, refu kuliko mnara wa saa wa mkoloni, na njia ya chini ya ardhi ya kuwavusha barabara ili wasije wakakutana na wapiga kura kwa bahati mbaya. Sasa sisi nasi tungepelekwa juu. Lini na kwa nani, hilo tuliambiwa tusiwe na haraka.

Jirani alihama mapema, akaenda kukaa na binti yake mtaa wa Lucky Summer. Baba akaamua kurudi Ukambani. Alikuwa amestaafu, jicho moja limeingia mtoto wa jicho na la pili linafikiria. Alifunga tezo na patasi zake katika gunia, akakaa juu ya gunia hilo, akasema maneno ambayo sitayasahau.

"Nimeishi Nairobi hii tangu kijana," akasema. "Nyumba ni ya kaunti. Kiwanja sina. Nyinyi wenyewe mnakaa kwa kupanga. Nikitoka hapa wakabomoa, ni kama sikuwahi kuja. Kitu changu katika mji huu ni kimoja tu, na kiko bungeni. Nataka nikione kwa jicho langu kabla halijafunga, ndipo niende."

Mama alikwenda kusonga ugali ambao tayari ulikuwa umeiva.

Kupata nafasi hakukuwa kugumu. Akina mama wa kanisa letu walikuwa wamekubaliwa kuzuru Bunge, na mimi ni mtu wa maneno mengi, kwa hiyo mzee mmoja akaongezwa miongoni mwa akina mama. Baba akampigia jirani simu Lucky Summer kumtangazia.

"Msalimie kanga," jirani akajibu.

"Nitakupigia nikiwa nimesimama mbele yake," baba akasema, "halafu nitaona utasema nini." Akakata. Nilijua basi kwamba ziara ile haikuwa ya macho tu.

Siku yenyewe baba alivaa koti lilelile la harusi. Pale langoni tulipitishwa katika mashine, tukapapaswa, mikoba ikafunguliwa. Katika mkoba wa mama askari alitoa kipande cha msasa.

"Mama, hii ni ya nini?"

"Kucha," mama akasema, na akanyoosha mikono. Askari alizitazama kucha zile, akaona ni kweli zinahitaji msasa, akamrudishia. Mimi nilimwuliza kwa kunong'ona ana kichaa gani. Akaniambia nitembee.

Tulipewa mwongozaji, kijana wa suti ya kubana, aliyeipenda historia kwa namna ya mtu ambaye haikumgusa. Alituonyesha mnara wa saa na kutueleza jinsi mkoloni alivyouiga ule wa bunge la kwao ng'ambo. Alituonyesha upande wa zamani na upande ulioongezwa baada ya uhuru, kwa sababu uhuru ulikuja na waheshimiwa wengi kuliko viti. Alituonyesha kwa mbali kaburi la rais wa kwanza, limelindwa, lina bendera na nafasi ya kutosha. Mama mmoja wa kanisa akasema kwa sauti kwamba pale peke yake pangeingia safu mbili za nyumba zetu na vyoo vyake. Mwongozaji akacheka kidogo, kisha akaangalia kama kuna aliyemwona akicheka.

Juu ya mlango mkuu kumeandikwa kwa Kiingereza kwamba jengo lile ni kwa ustawi wa jamii na utawala wa haki kwa wanaume. Kijana akasema pale wanaume maana yake ni watu wote. Mama akauliza kwa nini basi hawakuandika watu wote, jiwe liliwaishia? Tukasogea mbele.

Ndani kuna zulia nene kiasi kwamba hatua ya mtu haisikiki. Sisemi kitu. Tulionyeshwa ukumbi wa zamani, ambao sasa wanakaa maseneta, na tukaambiwa kila ubao una maana yake. Baba aliinama kila mahali penye mbao, akanusa, akapitisha kidole pale ambapo mwongozaji hakuona. Alikuwa na furaha ambayo sijawahi kumwona nayo, hata siku ya harusi yangu, ingawa siku ile alikuwa na sababu zake. Kila tulipokaribia mlango alinishika mkono, akauliza, "Ndiyo hapa?" Nikasema bado. Mama alikuwa nyuma yetu, mkoba ameukumbatia, hacheki na mtu.

Kisha tukaingia ukumbi mkubwa. Kikao hakikuwepo siku hiyo, jambo ambalo halikumshangaza yeyote. Viti vyekundu vilikuwa vitupu, na niseme ukweli, ukumbi ulipendeza hivyo kuliko nilivyowahi kuuona. Akina mama walianza kutafuta viti vya wabunge wao ili walaani kwa karibu. Nilimwomba mwongozaji amruhusu baba asogee mbele kidogo kwa sababu ya macho. Akamruhusu, akamwambia asiguse.

Na ngao ilikuwepo. Nilimwona jogoo waziwazi kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nikaruka kwa furaha kama mtoto. Alikuwa na kilemba, alikuwa na mkia wa kujipinda, kifua mbele, shoka mkononi. Jogoo mtupu! Nikafikiria sketi yangu iliyoraruka, nikafikiria jirani na kelele zake, nikasema, "Baba, muone! Muone jogoo wako!"

Baba alivua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa. Alitazama kwa muda mrefu, kichwa amekielekeza upande wa jicho linaloona.

"Huyu ni jogoo," akasema.

"Si ndiyo, baba?"

"Basi si wangu," akasema. "Wangu alikuwa kanga."

Alisema polepole tu, bila kunitazama. Maisha yake yote hakuwahi kuyasema maneno hayo. Nikaelewa kwamba alijua tangu siku ya kwanza, tangu ndege yule alipotokea kwenye mbao na kijipembe chake, mkono umefanya mazoea yake kabla kichwa hakijauliza. Alijua, akanyamaza, akatumaini hawataona. Na kwa vile hawakumrudishia, alidhani imepita.

Akakaa chini, hapohapo kwenye ngazi. Mwongozaji akaja mbio.

"Mzee, hapa hairuhusiwi kukaa."

Hapo hasira zikanipanda hadi utosini. "Amekaa kwenye kiti cha mtu?" nikamwuliza. "Amekaa kwenye ngazi! Ama ngazi nayo ina mheshimiwa wake? Hawa wanalala humu kwenye viti na kamera inawaona, na hakuna anayewaambia hairuhusiwi. Huyu mzee miguu imemwisha. Niite nani hapa ili baba yangu akae?"

"Wacha kijana wa watu," mama akasema. Ndilo neno la kwanza alilosema humo ndani. Aliinama, akamshika baba kwapani, akamwinua. "Baba watoto, twende."

Nje, chini ya mnara wa saa, baba alisema anataka kwenda nyumbani kumaliza kufunga mizigo. Simu ilikuwa mfukoni mwake na hakuigusa. Niliona uso wake umekuwa mdogo, na nikaichukia mbao, nikaichukia Pumwani na mkandarasi na kila mtu aliyewahi kumwambia mchongaji kwamba ndege ni ndege.

"Hatuendi nyumbani," mama akasema. "Tunaenda Burma kula nyama."

Nilimtazama mama yangu. Mwanamke aliyemkataza mumewe Burma tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Nilitaka kuuliza, lakini alikuwa ameshatangulia, mkoba kwapani, anatembea kama anayekwenda kulipa faini.

Burma ilikuwa Burma: moshi, visu, mbavu zinaning'inia, na wanaume wamezunguka kachumbari wakivunja serikali na kuunda nyingine. Mama hakutazama kushoto wala kulia. Alituvusha mpaka buchari moja ya ndani kabisa, na juu ya mlango wake kulikuwa kumepakwa rangi maandishi makubwa: KWA KANGA. Nilikuwa nimelisikia jina hilo miaka mingi. Kazini watu wakipanga kukutana kula wanasema tuonane Kwa Kanga. Siku zote nilidhani mwenyewe hufuga.

Baba alisimama mlangoni, akakataa kuingia. Kisha akaingia.

Juu ya kaunta, mahali ambapo buchari nyingine huweka saa, ilikuwa ngao. Ilikuwa nyeusi kwa masizi na mafuta ya miaka, lakini simba walikuwa simba, na mikuki ilikuwa mikuki, na katikati, shoka limeinuliwa, kijipembe kichwani, madoa tele, alikuwa kanga. Haki ya nani, alikuwa kanga kabisa. Sijui nilipigania nini.

"Niliikuta hapa nilipokuja kununua matumbo," mama akasema. Alikuwa anaongea na ngao, si na baba. "Wewe ulikuwa na mwaka mmoja tu wa kufurahi. Mwenye buchari aliniambia ameuziwa na watu wa mkandarasi. Walimwambia imekataliwa, ndege si yule."

"Ukanyamaza," baba akasema.

"Nilikuwa nakuja kukuambia. Nikafika nyumbani nikakuta umeketi mbele ya televisheni unawaonyesha watoto. Ningekuambia nini?"

"Umeniacha miaka yote hiyo namfokea mtoto wa watu atoe kichwa!"

"Na angekitoa ungejua," mama akasema. "Nilikuwa namwombea asikitoe."

Baba alikasirika. Nilidhani ataondoka na hatarudi kumtazama mama usoni. Mwenye buchari, mwanamume mnene mwenye aproni iliyoona mengi, alikuwa ameacha kukata. Alimwuliza mama kama huyu ndiye. Mama akatikisa kichwa kukubali.

"Mzee, ni wewe?" akapiga kelele hadi meza za nyuma. "Oyaa! Mwenye kanga amekuja! Yule mwenyewe!" Watu wakasimama na mifupa mikononi. Kijana mmoja akasema, "Niaje, mzee! Buda, hiyo kanga yako imetuletea mademu hapa hadi tukaoa," na mwenzake akamwambia aheshimu mzee. Mwenye buchari alieleza kwamba alipoitundika hakuwa na jina la duka. Wateja ndio waliolipatia jina. Watu wa harusi wanapiga picha chini yake. Waheshimiwa wenyewe, wakati wa kampeni, wanakuja kusimama pale waonekane wanakula na raia. "Hawa wote wanamjua," akasema. "Mzee, lakini ngao ni yako. Ukitaka, naishusha sasa hivi ubebe."

"Nibebe nipeleke wapi?" baba akauliza. "Kwangu wanabomoa."

Hapo nililia, na sikusingizia moshi.

Mama alivuta kreti ya soda, akapanda juu yake akiwa na viatu vyake vya kanisani, akafungua mkoba, akatoa ule msasa. Akaanza kichwani. Masizi yakamwanguka kwenye kitambaa na hakujali. Mbao ya mvule ikaanza kuonekana, ya kahawia, nzuri, na kijipembe kikatoka kikali kana kwamba kimechongwa jana. Baba alisimama chini yake akimtazama kwa muda.

"Polepole hapo shingoni," akasema mwishowe. "Utakula madoa."

"Nilipiga msasa shingo hii kabla hujajua kuvaa miwani," mama akajibu.

Akamwacha aendelee. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa simu, akanipa nimtafutie nambari kwa sababu haioni. Ilipoita aliichukua, akasimama wima katika koti lake la harusi, katikati ya watu wenye nyama mdomoni.

"Ni mimi," akasema. "Ndiyo, nimesimama mbele yake." Akanyoosha kola ya koti. "Ulikuwa sawa. Ni kanga."

Nikasikia sauti ile ya treni ikicheka mpaka simu ikakoroma.

"Cheka," baba akasema. "Cheka umalize. Ukimaliza upande gari uje ule nyama, mimi ninalipa."

Nilisikia jirani akiuliza aje wapi.

Baba aliinua uso, akamtazama ndege wake.

"Burma," akasema. "Uliza Kwa Kanga. Mtu yeyote atakuonyesha."